Nilifunga, nikaomba, na mtoto bado akaenda: je, ni imani yangu ilikuwa ndogo?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Arua, naliweka hapa kwa ruhusa yake, nimelikata kidogo tu:

"Mama Reverendi, mwezi wa pili nilizika binti yangu wa miaka 11. Alikuwa na sikoseli tangu mdogo. Dawa sikuwahi kuacha kumpa, lakini pia nilifunga siku 21 na nikatoa pesa kwa mtumishi mmoja aliyeniambia mtoto ameshapona. Akaenda. Sasa mtumishi anasema nilikuwa na shaka moyoni ndiyo maana. Wakwe wanasema damu mbaya ilitoka kwetu. Kanisani wananiambia nisilie sana, kazi ya Mungu haina makosa. Kuomba siwezi tena, nikifungua mdomo ni jina lake tu linatoka. Kopo lake la vidonge vya foliki bado liko dirishani. Watu wakiniuliza nina watoto wangapi sijui niseme wawili ama watatu. Hilo tumaini mnalohubiri liko wapi?"

Dada yangu, Bwana Yesu asifiwe, na pole sana. Meseji yako ilinikuta usiku wodi ya watoto, ndiyo kazi yangu hii mwaka wa 17 sasa, kasisi wa hospitali hapa Kampala, nikaanza kuisoma nimesimama kwenye korido nikashindwa kuimaliza nikaenda kukaa kwanza. Kwa hiyo nisamehe kama jibu limekawia na kama litakuwa refu, mambo uliyouliza hayajibiwi kwa kumtupia mtu mstari mmoja wa Biblia halafu unaondoka.

Naanza na lile linalokuchoma zaidi na nalisema hapa juu kabisa usije ukalitafuta huko chini: imani yako haikumuua mtoto. Hapana. Mtumishi aliyekwambia hivyo amekukosea, tena vibaya, kwanza alisema kitu ambacho Mungu hakumtuma kusema, halafu kilipokosa kutokea akachukua aibu yake akakutwika wewe, mama ambaye kaburi la mtoto wake bado lina udongo mbichi. Mimi ni mtu wa kanisa na si kawaida yangu kuwasema watumishi wenzangu lakini hili siwezi kulinyamazia. Na kama bado anakupigia simu umalizie ahadi ya madhabahu usitume hata shilingi, hiyo pesa wanunulie wale wawili daftari.

Mtoto wako alikuwa na ugonjwa wa damu. Wewe unaujua kuliko mimi kwa sababu wewe ndiye uliyekesha naye, lakini acha niseme kwa ajili ya hao wakwe. Chembe nyekundu za damu kwa mtu wa kawaida ni za duara, laini, zinapita kwenye mshipa mwembamba bila shida, sasa za mtoto wako zilikuwa zinajikunja kama mundu, zinakwama, damu inashindwa kufika mbele, ndiyo yale maumivu ya mifupa usiku, ndiyo na damu kupungua kila mara. Na huo ugonjwa mtoto haupati upande mmoja. Lazima baba awe ameubeba na mama awe ameubeba, kila mmoja nusu yake, wote wazima hawajui kitu, halafu kila mimba inakuwa na nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Kwa hiyo kama kuna damu ya kwenu basi kuna na ya kwao, sawasawa kabisa, wala si mbaya, ni damu tu. Usiwaambie wewe mwenyewe, huna nguvu za ugomvi sasa, tafuta shemeji mmoja mwenye busara au nesi mmoja wa klinika ambaye wanamheshimu aliseme mbele yao. Na wale wawili, kama hujawapima, wapeleke wapimwe, si kwa hofu, ni ili wakikua wakitaka kuoa na kuolewa wajue wamebeba nini.

Turudi kwenye imani ndogo. Kuna usiku mmoja Yesu mwenyewe aliomba kitu akakosa. Bustani ya Gethsemane, uso chini, anamwambia Baba kikombe hiki kiniepuke, na aliomba mara tatu maneno yaleyale, na kikombe hakikuondoka. Nani atasema Yesu alikuwa na shaka moyoni? Paulo naye, huyu huyu ambaye walikuwa wanachukua leso na nguo zilizogusa mwili wake wakapeleka kwa wagonjwa na wagonjwa wakapona, mwishoni mwa maisha anamwandikia Timotheo kwamba Trofimo amemwacha Mileto, mgonjwa. Amemwacha mgonjwa! Rafiki yake! Hakuna maelezo, hakuna lawama kwamba Trofimo alikosa imani, ni mtu mgonjwa na rafiki yake anayesikitika, barua ikaendelea. Nimesoma hiyo barua miaka mingi nikiupita huo mstari, siku niliyouona ni siku niliyotoka kumfunika mtoto wa mtu shuka.

Na nikwambie nilichoona kwa macho yangu. Nimeona watoto ambao dokta alishaita wazazi pembeni, na wakaombewa, na wakatoka wodini wanatembea. Nimeona na watoto ambao mama zao ni watakatifu kuliko mimi, waliombewa na nchi nzima, wakaenda saa tisa usiku. Sipimi imani ya mama kwa hayo. Anayepima hivyo hajakaa wodini hata wiki moja. Kwa nini huyu na si yule, hata Ayubu hakuambiwa, soma kitabu chote mpaka mwisho, Mungu anaongea naye sura nne nzima na hamwambii sababu, anachompa ni kujitokeza mwenyewe. Lakini wale marafiki watatu waliokuja na sababu mkononi, waliosema lazima kuna kitu ulifanya, hao ndio Mungu aliowakasirikia, akasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Yaani yule aliyelalamika na kupiga kelele ndiye aliyesema sawa.

Hapo ndipo naingia kwenye hilo la usilie sana.

Kazi ya Mungu haina makosa. Sote tumelisema, mimi mwenyewe nimelisema makaburini nikiwa kijana sijui la kusema, na wanaolisema wengi hawana nia mbaya, wanaogopa ukimya tu. Lakini Paulo akiwaandikia Wakorintho anaita mauti adui. Adui wa mwisho. Kazi ya mikono ya Mungu haiitwi adui wa Mungu, kwa hiyo mtoto wa miaka 11 akifa na mama yake akasikia kwamba hapa kuna kitu kimeharibika, huyo mama amesikia vizuri.

Na Yesu pale kwa akina Martha? Lazaro ana siku nne kaburini. Martha anatoka kumlaki anamwambia, Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa. Mariamu naye akija, maneno yaleyale. Wamekaa siku nne ndani wanaambiana hilo neno, ndiyo maana limetoka sawa kwenye midomo yote miwili, si unajua vile watu wa msiba wanavyorudia kitu kimoja. Yesu hakuwakemea. Hakusema mbona mnanilaumu. Na hapa ndipo ninapotaka uangalie, alikuwa anajua kabisa kwamba baada ya dakika chache Lazaro atatoka anatembea, anajua, na bado akalia machozi. Tena neno ambalo Yohana anatumia kabla ya hapo, la kuugua rohoni, kwenye Kigiriki lina sauti ya hasira ndani yake, ni neno lililotumika hata kwa farasi anayetoa pumzi kwa nguvu puani. Alisimama mbele ya kaburi akiwa amekasirika. Kama yeye mwenye ufunguo wa kaburi alilia, anayekwambia wewe usilie amekipata wapi hicho kipimo? Watakusomea Wathesalonike, msihuzunike. Waambie wasome sentensi mpaka mwisho: msihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Huzuni ipo, tena ni ya mtu mwenye tumaini, vyote viwili kwenye kifua kimoja.

Ndiyo jibu langu kwa lile swali lako la mwisho, kama unataka nilikate fupi. Unauliza tumaini liko wapi kana kwamba liko ng'ambo, kwamba kilio kikiisha ndipo utalikuta limekusubiri. Mimi sijalikuta ng'ambo. Nimelikuta humo humo ndani ya kilio, na nilifundishwa hivyo na kitabu cha Maombolezo, kitabu ambacho hatukihubiri kabisa isipokuwa mistari miwili.

Kina sura tano. Nne za kwanza zimepangwa kwa alfabeti ya Kiebrania, herufi 22, kila ubeti unaanza na herufi yake kwa zamu, na sura ya tatu kila herufi imepewa mistari mitatu, ndiyo maana ina mistari 66. Nilikuwa najiuliza, mtu ambaye mji wake umeteketea na watoto wanakufa njaa barabarani anapata wapi nguvu ya kupanga mashairi kwa herufi? Sasa nadhani naelewa. Ukiwa umevunjika huwezi kushika sala nzima, unashika herufi moja, unalia mpaka inaisha, unashika nyingine. Na ile mistari miwili tunayoipenda, ni huruma za Bwana kwamba hatuangamii, ni mpya kila siku asubuhi, hiyo iko wapi? Katikati. Sura ya tatu kati ya tano. Juu yake kidogo mwandishi amesema nikilia na kuomba msaada Mungu anayapinga maombi yangu, na chini yake kilio kinarudi kama kwanza, na mstari wa mwisho wa kitabu anauliza kama Mungu amewakataa kabisa. Kitabu kinaishia hapo! Tumaini halikufunga kitabu, liliwekwa katikati kama taa ndogo kwenye nyumba ya giza na giza likabaki pande zote mbili, na bado ni Neno la Mungu na linasomwa kanisani.

Kwa hiyo unaposema kuomba siwezi, ni jina lake tu linatoka. Dada, hiyo ni sala. Hiyo ndiyo herufi yako. Paulo anasema kuomba jinsi ipasavyo hatujui, na Roho mwenyewe anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, sasa kama Roho anaugua bila maneno wewe jina moja ni neno zima. Usijilazimishe sala ndefu za shukrani. Ukiamka saa tisa usiku ukasema jina lake, sema, halafu kama unaweza ongeza tu "Bwana," basi, lala. Ukitaka cha kusoma soma Zaburi ya 88, ile haina hata mwanga mwishoni, inaishia gizani na hakuna aliyeitoa kwenye Biblia.

Nikupe kitu nilichokiona, mama mwenyewe sitamtaja. Mtoto alikuwa ameenda usiku, baba yuko kijijini, mama amekaa kwenye mkeka chini ya kitanda ameshika soksi moja, hata kulia halii. Sisi wenye kola tulikuja, tukaomba, tukasoma, hakusikia chochote, nilimwona macho yake yako mbali. Kitanda cha jirani kulikuwa na jaja mmoja analinda mjukuu wake aliyevunjika mguu. Yule bibi akashuka, akakaa kwenye mkeka ule ule, akafungua kitenge chake kiunoni akamzungushia yule mama mabegani, akakaa. Hakusema kitu. Mpaka alfajiri. Kulipokucha akaenda kuosha kikombe, akarudi na uji, akamshikilia kikombe mdomoni kama unavyomlisha mtoto, na yule mama alipomeza mara ya kwanza ndipo alipolia. Mimi na Biblia yangu nilisimama pale nikajua nimeona mahubiri. Marafiki wa Ayubu kitu kimoja walichofanya vizuri ni kile cha kwanza, walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila neno. Waliharibu walipofungua mdomo. Na Eliya, alipolala chini ya mretemu akamwambia Mungu nimechoka, nitoe roho yangu, Mungu hakumhubiria. Malaika alimletea mkate uliookwa kwenye makaa na gudulia la maji, akala, akalala, akaamshwa akala tena. Mazungumzo yalikuja baadaye sana.

Nakuuliza sasa, umekula leo? Sio kuonja, kula. Unalala masaa mangapi? Haya si maswali ya pembeni. Angalia kwenye msiba wako nani alikuwa anakaa bila kuongea, nani alichota maji bila kuulizwa, nani aliosha masufuria ya posho wengine wameshaondoka. Huyo ndiye wa kumpigia simu. Wale wa maneno mengi wasalimie tu vizuri, uendelee na njia yako, kanisa lina watu wa aina zote. Na kama inakujia fikra kwamba bora na wewe umfuate, mwambie mtu leo, leo hii, si Jumapili, halafu mwende pamoja hospitali kubwa ya mkoa kwenye kitengo cha afya ya akili, hapo Arua kipo. Kwenda huko si kukosa imani, ni ule mkate wa Eliya.

Baba watoto hujamtaja. Sijui kama yupo ama mmeachana ama ameenda zake kutafuta, lakini kama yupo na hasemi chochote usidhani amesahau, wanaume wetu wengi wanafundishwa kulilia shambani. Na wale watoto wawili wanakuangalia, waambie ukweli kwamba unamlilia dada yao, na uwaache nao wamtaje. Watoto wanaogopa zaidi nyumba ambayo jina halitajwi.

Umesema mwezi wa pili. Basi ni zile wiki za kumkumbuka Janani Luwum, yule Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, tarehe 16 ambayo siku hizi ni sikukuu ya serikali, watu wako nyumbani wanapumzika na wewe ulikuwa na lako. Nataka nikwambie kitu kuhusu msiba wake ambacho watoto wa siku hizi hawaambiwi, wanaambiwa tu alikuwa jasiri. Aliuawa mwaka 1977 wakati wa utawala wa Idi Amin. Kwenye kanisa kuu la Namirembe hapa Kampala walichimba kaburi, pale karibu na la Askofu Hannington aliyeuawa zamani, lakini mwili haukuletwa. Serikali iliupeleka Mucwini kule Kitgum ukazikwa huko. Jumapili ile watu wakaja kwa maelfu hata hivyo, na baada ya ibada wakasimama wamezunguka shimo ambalo halina mtu. Fikiria hicho kilio, hata jeneza la kulilia hawana. Na pale kwenye shimo ndipo yakasemwa yale maneno ambayo wanawake waliambiwa alfajiri ya Pasaka: hayupo hapa, amefufuka. Wakaimba. Lakini tusidanganyane, waliporudi nyumbani Amin alikuwa bado yuko, na aliendelea kuwepo mpaka mwaka 1979, na mjane wa Luwum alibaki mjane. Waliimba wakiwa wanalia. Kila ninapopita Namirembe nalikumbuka lile shimo, kwa sababu imani yetu yote imesimama kwenye kaburi lililo wazi, na anayesimama pale mara ya kwanza kabisa ni mwanamke anayelia. Mariamu Magdalene. Malaika wawili wanaongea naye na hawajali, anamtaka Bwana wake, anageuka anamwona Yesu mwenyewe anadhani ni mtunza bustani kwa ajili ya machozi. Alijuaje ni yeye? Aliitwa jina. Yesu hakumwambia futa machozi kwanza, alimwita jina.

Najua utaniuliza, mbona binti Yairo aliamshwa, tena ana miaka 12, karibu sawa na wangu. Kila mama wa wodini ananiuliza hilo. Ninachoweza kukujibu ni hiki, binti Yairo alikufa tena baadaye, na Lazaro alikufa tena, wale walirudishwa kwa muda. Kile tunachongojea si hicho. Paulo anamwita Kristo limbuko lao waliolala, na wewe mtu wa kijijini unajua limbuko kuliko profesa wa teolojia. Hindi la kwanza likikomaa shambani hujapata chakula cha kushiba bado, ni moja tu, lakini ukilivunja ukaona limejaa unajua lile shamba lote liko njiani. Na anasema mwili hupandwa. Ametumia neno la shamba makusudi. Hupandwa katika udhaifu, hufufuliwa katika nguvu. Wewe hukumtupa mtoto pale nyumbani karibu na muhogo, ulimpanda, na aliyepanda ana haki ya kwenda kuangalia shamba lake na kulia pale. Sikuahidi roho inayoelea mawinguni ambayo hutaitambua. Yesu alipofufuka alikuwa na alama za misumari, walimjua kwa hizo, alikula na samaki mbele yao. Ni yeye mwenyewe. Kwa hiyo ni binti yako mwenyewe, huyu huyu, na cheko lake, bila yale maumivu ya mifupa. Na kwa binti Yairo kitu cha mwisho Yesu alichosema ni kwamba apewe chakula. Nakipenda sana hicho. Aliyeshinda mauti anakumbuka mtoto ana njaa.

Kopo la foliki liache dirishani. Hakuna sheria ya kanisa wala ya ukoo inayosema litoke siku fulani. Vile vidonge vya njano ulikuwa unampa kila asubuhi kwa mkono wako, hiyo ilikuwa kazi yako ya upendo kwa miaka 11 na mkono bado unaitafuta. Siku utakayotaka kulitoa utalitoa, isipokuwa kama kuna watoto wadogo hapo nyumbani liweke juu wasije wakafikia. Siku ya kuzaliwa kwake itakuwa ngumu, Krismasi itakuwa ngumu, na ile asubuhi ya kufungua shule watoto wanapita na yunifomu itakuwa ngumu kuliko unavyofikiri, panga mapema uwe na yule mtu wa uji karibu.

Sasa watoto wangapi. Fungua mwanzo wa Ayubu na mwisho wake, weka vidole sehemu mbili. Mwanzo ana kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi za ng'ombe 500, punda 500, na watoto kumi, wavulana saba wasichana watatu. Vyote vikaenda. Mwisho imeandikwa Bwana akampa mara mbili ya vile alivyokuwa navyo, na ukihesabu ni kweli, kondoo 14,000, ngamia 6,000, ng'ombe jozi 1,000, punda 1,000. Halafu watoto: wavulana saba na wasichana watatu. Kumi. Mbona hawakuwa ishirini? Kuna watu wa zamani waliosoma hapo wakasema ni kwa sababu kondoo waliokufa walipotea kweli lakini wale watoto kumi wa kwanza hawakuhesabiwa kama waliopotea, bado ni wake, kumi na kumi ndiyo ishirini. Mimi nasoma hivyo hivyo.

Kwa hiyo mtu akikuuliza, hata kama ni nesi wa klinika na fomu yake, hata kama ni mgeni kwenye taksi, mwambie watatu. Akiuliza wako wapi utamwambia kama unataka, kama hutaki usimwambie.

Na kitu kimoja. Umeniandikia meseji ndefu yote hii na jina lake halimo. Jumapili asubuhi huwa tunakaa na akina mama wa wodi, tunataja watoto kwa majina, walio kitandani na waliotangulia, kila mmoja na wake. Nitumie jina lake.